Kutoka Bendi ya Roki hadi Gitaa Kavu na Sauti Moja: Mwongozo Kamili kwa Mkongwe

Nimesikiliza rekodi nyingi za wanaroki waliopiga bendi miaka ishirini au thelathini, kisha wakaamua kukaa na gitaa kavu (lisilo la umeme) na kuandika nyimbo za mtu mmoja. Wengi hukwama mahali pamoja. Wanachukua wimbo wa bendi, wanatoa drams, wanatoa besi, wanazima amplifaya, halafu wanapiga kile kile walichozoea, ila kwa nguvu zaidi ili kuziba pengo. Kinachosikika ni mtu anayepiga sehemu yake huku wenzake hawajafika.

Kuongeza nguvu hakusaidii. Bendi ilikuwa na kazi zake: kuna aliyeshika mapigo, kuna aliyebeba noti za chini, kuna aliyejaza katikati, na kuna aliyepandisha moto kwenye kiitikio. Kazi hizo bado zipo, na sasa zote ni zako. Hatua zilizo hapa chini zinaitafutia kila kazi makao mapya. Zifuate kwa mpangilio, maana hatua ya nne haiwezekani kwa mkono ambao haujapita ya kwanza.

## Mahitaji

- Gitaa kavu la nyuzi za chuma, lililosetiwa vizuri. Pima kwenye freti ya 12 (kijiti cha chuma cha 12 kwenye shingo), kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: karibu milimita 2.5 kwa uzi wa sita (ule mnene) na karibu milimita 1.8 kwa uzi wa kwanza. Likizidi hapo sana, mpelekee fundi kabla ya kuanza.
- Seti mbili za nyuzi: moja inayoanzia .011 na nyingine .012 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi).
- Kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo), tyuna (ya kuweka sawa sauti za nyuzi) na metronomu (ya kuhesabu mapigo). Programu ya simu inatosha kwa hizo mbili za mwisho.
- Piki nyembamba, kati ya milimita 0.6 na 0.73. Ile nene uliyozoea iache kwenye begi la gitaa la umeme.
- Simu yenye kinasa sauti. Maiki ya kondensa na kadi ya sauti utavihitaji hatua ya saba, si kabla.
- Daftari na kalamu.
- Wiki nane, dakika arobaini kwa siku.

Usinunue pedali yoyote (kifaa cha mguu cha kubadilisha sauti) kwa sasa, hasa ya mwangwi. Mwangwi huficha makosa yale yale tunayotaka kuyasikia.

Jambo moja la karatasi: kama utachukua nyimbo mlizotunga pamoja na wenzako wa bendi, hakikisha mmekubaliana kwa maandishi nani ana hisa gani. Kuzipiga peke yako hakukufanyi uwe mtunzi pekee.

## Hatua ya 1: Zoeza mikono upya (wiki ya 1 na 2)

Seti ya .010 kwenye gitaa la umeme huvuta shingo kwa takribani kilo 45 kwa ujumla. Seti ya .012 kwenye gitaa kavu huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Isitoshe, uzi wa tatu wa gitaa kavu kwa kawaida umezungushiwa waya, kwa hiyo ule mvuto wa kupinda noti uliokuletea sifa kwenye solo hapa unagoma.

Anza na .011. Kila siku chukua kodi tano (za gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja, si za serikali): G, C, D, E maina na A maina. Piga uzi mmoja mmoja, polepole, ukisikiliza kama kila uzi unalia safi. Kwenye gitaa la umeme distosheni (ule mkwaruzo wa amplifaya) ilikufunikia nyuzi zilizokufa. Hapa uzi uliokufa unasikika hadi chumba cha pili.

Onyo: maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na yataisha. Maumivu ya kifundo cha mkono au kiwiko si ya kawaida. Pumzika siku mbili, na ukirudi legeza nyuzi zote nusu toni (hatua ya freti moja).

Umefaulu ukiweza kupiga kodi hizo tano kwa dakika kumi mfululizo bila uzi kukwaruza, na bila bega la kushoto kupanda hadi sikioni.

## Hatua ya 2: Irudishe noti ya tatu

Hapa ndipo wanaroki wengi wanaponaswa bila kujua, kwa hiyo tukae kidogo.

Zile kodi za noti mbili ulizojengea maisha yako zina noti ya msingi na ya tano tu, ukihesabu ngazi ya noti kuanzia ile ya msingi. Zilifaa kwa sababu ya fizikia. Distosheni ikikutana na noti mbili huzaa noti nyingine ambazo hukuzipiga. Chukua A ya 110 Hz (mitetemo 110 kwa sekunde) na E iliyo juu yake, karibu 165 Hz. Tofauti yake ni 55 Hz, ambayo ni A nyingine, oktavo moja chini. Ndiyo maana noti mbili tu zilisikika kama lori. Ukitia noti ya tatu katika mchanganyiko ule, noti zinazozaliwa hazipatani na wenzao, kodi inakuwa matope. Ukaiacha, na ukafanya vizuri.

Gitaa kavu halina distosheni. Noti ya chini haizaliwi, na kinachobaki ni mifupa miwili. Kibaya zaidi, noti ya tatu ndiyo inayomwambia msikilizaji kama kodi ina furaha au huzuni. Kwenye bendi kazi hiyo ilifanywa na sauti ya mwimbaji, kinanda au gitaa la pili. Sasa haifanywi na mtu.

Fanya hivi:

1. Shika A yako ya zamani: uzi wa tano wazi, uzi wa nne na wa tatu kwenye freti ya 2.
2. Ongeza uzi wa pili kwenye freti ya 2. Hiyo ni A meja.
3. Rudisha uzi huo freti ya 1. Hiyo ni A maina.
4. Sasa uachie uzi wa pili wazi. Noti ya tatu imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na ya pili. Kodi inaning'inia, haijasema lolote bado.

Kidole kimoja, hali tatu. Pitia wimbo wako wa zamani kodi kwa kodi na uamue kwa kila moja: meja, maina, au ya kuning'inia? Utashangaa kwamba kuna kodi ulizozipiga miaka kumi na tano bila kujua jibu. Mara nyingi jibu limo kwenye melodi ya mwimbaji. Imba mstari ule polepole na usikilize sauti inaegemea noti gani.

Onyo: usizijaze kodi zote. Ukitumia nyuzi sita kila wakati, gitaa litakula nafasi ya sauti. Nyuzi tatu au nne zilizochaguliwa zinatosha.

Umefaulu ikiwa mtu asiyeujua wimbo anaweza kukuambia hali yake kwa kusikiliza gitaa peke yake, bila maneno.

## Hatua ya 3: Shusha ufunguo, kisha kasi

Ufunguo (kimo cha sauti) wa nyimbo zako za bendi haukuchaguliwa kwa ajili ya koo lako tu. Ulichaguliwa ili sauti ipenye juu ya matoazi na amplifaya mbili. Ukiuimba ufunguo ule ule chumbani na gitaa kavu, utasikika kama mtu anayemfokea jirani.

Shusha nusu toni mbili, imba ubeti mmoja. Shusha nyingine mbili. Endelea hadi noti ya chini kabisa ya ubeti ianze kupotea, kisha panda nusu toni moja. Hapo ndipo nyumbani kwako. Kama kodi zimekuwa ngumu kushika, tafuta umbo rahisi na uweke kapo. Ukitaka kwenda chini zaidi, legeza nyuzi zote toni nzima na uweke seti nene zaidi ili zisitepete.

Kasi ni suala la masikio. Noti ya umeme yenye distosheni hudumu, ya gitaa kavu hufifia ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo mkono unaogopa ukimya na kukimbilia noti inayofuata. Mara ya kwanza nilipopiga peke yangu mbele ya watu baada ya miaka ya bendi, wimbo wa dakika nne niliumaliza kabla ya dakika ya tatu. Tena nilipofika sehemu ya solo niligeuka kushoto kumtazama mpiga solo. Palikuwa na ukuta. Mguu nao ukakanyaga sakafu kutafuta pedali.

Weka metronomu kwenye nusu ya kasi ya zamani na uongeze mapigo matano matano. Simama pale maneno yanapoanza kueleweka bila juhudi. Wimbo wa mapigo 130 kwa dakika mara nyingi hutua kati ya 80 na 100.

Umefaulu ikiwa unaweza kuuimba wimbo mzima ukiwa umekaa, kwa sauti ya mazungumzo, bila mshipa wa shingo kutoka.

## Hatua ya 4: Gumba liwe mpiga besi (wiki ya 3 hadi 5)

Weka piki mezani. Gumba linashika nyuzi za sita, tano na nne. Kidole cha shahada ni cha uzi wa tatu, cha kati ni cha uzi wa pili, cha pete ni cha uzi wa kwanza.

Shika C. Gumba lipige uzi wa tano, kisha wa nne, wa tano, wa nne, kwa mapigo 60, kila pigo noti moja. Usiongeze kitu chochote kwa siku tatu. Ndiyo, inachosha. Mpiga besi wenu naye alichoka, ila hakusema.

Siku ya nne, ongeza kidole cha kati kwenye uzi wa pili, kati ya pigo la gumba na linalofuata. Siku ya sita, ongeza cha shahada kwenye uzi wa tatu. Kwenye G gumba linaenda kati ya uzi wa sita na wa nne. Kwenye D linaanzia uzi wa nne na kurudi wa tano.

Sababu ya kuanza na gumba peke yake ni kwamba likiyumba, kila kitu kinayumba. Vidole vingine vinaweza kukosea na msikilizaji asijue. Gumba likikosea, drams na besi vimesimama kwa pamoja.

Jaribio: piga mfumo huo huku ukisoma kwa sauti aya yoyote ya gazeti. Kama gumba linasimama kila unapokutana na neno refu, bado hujaiva kuimba juu yake. Ukiwa tayari, iweke metronomu ipige pigo la pili na la nne tu. Mapigo yaliyobaki yatoke kwako.

Onyo: kucha za mkono wa kulia zikiwa ndefu upande mmoja na fupi mwingine, sauti itakuwa ya viraka. Zikate zote zilingane na nyama ya kidole, au uzilee zote.

Umefaulu ikiwa unaweza kusoma gazeti hadi mwisho wa aya na mtu aliye chumba cha pili akaendelea kutikisa kichwa.

## Hatua ya 5: Andika maneno upya

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo wakongwe wanayoiruka kwa sababu wanaamini tayari wanajua kuandika.

Maneno ya roki hubebwa. Kiitikio cha maneno matatu kinachorudiwa mara nane hufanya kazi kwa sababu watu wanne wanakisukuma na mia tano wanakiimba nanyi. Ukiwa peke yako, marudio ya tatu msikilizaji ameshaelewa, ya tano anatazama simu.

Tuseme kiitikio chako cha zamani kilikuwa hivi:

*Nawaka, nawaka, usiku unawaka!*

Kwa bendi, safi kabisa. Sasa kiseme kwa sauti ya kawaida, kama unamwambia mtu mliyekaa naye meza moja. Atakuuliza: unawaka nini? Swali hilo ndilo wimbo wako mpya. Andika majibu kumi kwenye daftari, na kila jibu liwe na kitu kinachoshikika au kuonekana. Katika zoezi hili mimi nilipata:

*Taa ya korido imelala ikiwaka,*
*viatu vyako bado viko mlangoni.*

Hakuna aliyesema "nina upweke", na moto wa zamani umebaki kwenye taa tu. Mistari hiyo haihitaji drams. Na ukiijaribu kwa bendi kamili, inakufa.

Utaratibu ninaoutumia:

1. Andika maneno kwanza, bila gitaa mkononi. Mkono wa mwanaroki ukishika gitaa hutafuta rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa), kisha maneno yanakuwa ya kujaza rifu.
2. Yasome kwa sauti na kuhesabu silabi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: m-la-*ngo*-ni, ko-*ri*-do. Pigo zito likiangukia silabi nyingine, neno linasikika la kigeni. Sogeza neno, usisogeze mkazo.
3. Vina vikija, vikaribishe. Visipokuja, usiviite kwa nguvu. Lugha yetu ina irabu chache mwishoni mwa maneno, kwa hiyo kina cha "-a" ni cha bure na msikilizaji analijua hilo.
4. Kiitikio kirudi si zaidi ya mara tatu, na kila kikirudi kiwe kimebadilika neno moja au ubeti uliotangulia uwe umekibadilisha maana.
5. Kata ubeti mmoja. Karibu kila mara ni ule wa pili.

Onyo: usiandike kuhusu kuchoka na jukwaa, barabara na hoteli. Kila mkongwe ana wimbo huo.

Umefaulu ikiwa mtu akisomewa maneno bila muziki anauliza "halafu?" kabla hujamaliza.

## Hatua ya 6: Panga mwinuko bila drams

Kwenye bendi kiitikio kilipanda kwa kuongeza sauti. Gitaa kavu lina nafasi ndogo kati ya kimya na kelele, kwa hiyo mwinuko unaupata kwa kupunguza mahali pengine.

Ubeti wa kwanza: gumba peke yake. Wa pili: gumba na vidole. Kiitikio: kodi kamili. Kabla ya kiitikio cha mwisho, simamisha gitaa lote kwa pigo moja zima na uimbe neno la kwanza katika utupu. Pigo hilo moja ndilo drams zako. Litumie mara moja kwa wimbo, usiligeuze tabia.

Mahali pa solo, futa. Kama roho inauma, piga melodi ya ubeti kwenye nyuzi mbili za juu huku gumba likiendelea.

## Hatua ya 7: Rekodi kwa maiki moja

Mwaka 1982 mwanaroki wa Marekani Bruce Springsteen alitoa albamu aliyoirekodi nyumbani kwa mashine ya kaseti yenye njia nne. Bendi yake ilijaribu nyimbo zile studio, na bado kaseti ndiyo iliyotoka. Vifaa havikuwa sababu ya kushindwa wakati ule na si sababu leo.

Chagua chumba chenye mapazia, zulia au kabati la nguo. Weka maiki sentimita 40 hadi 60 mbele yako, kwenye urefu wa kati ya mdomo na gitaa, ikielekea pale shingo inapokutana na boksi. Usiielekeze kwenye tundu la sauti: huko noti za chini zinarundikana na rekodi itavuma. Sauti ya kuimba ikiwa ndogo, inua maiki. Gitaa likiwa dogo, ishushe. Huo ndio mchanganyiko wako wote, unaufanya kwa stendi.

Weka kiwango cha kurekodi ili kilele cha sauti kiguse kati ya -12 na -6 dB. Rekodi wimbo mzima mara tatu bila kusimama, kisha chagua mmoja. Usikate na kuunganisha.

Onyo kwa masikio ya mkongwe: kelele za jukwaa kwa kawaida huharibu kwanza usikivu wa karibu 4,000 Hz. Kama umepiga roki miaka mingi, kuna uwezekano unasikia gitaa likiwa butu kuliko lilivyo, na utaongeza ukali hadi liwachome wengine. Kabla ya kugusa vitufe vya toni, mpe kijana asikilize. Na ukapimwe masikio, kwa faida yako mwenyewe.

Umefaulu ikiwa unasikia pumzi kabla ya mstari na kidole kikiteleza kwenye uzi, na wala huoni haja ya kuviondoa.

## Hatua ya 8: Jukwaani

Boksi la gitaa kavu ni chombo cha mwangwi. Hewa ya ndani yake huvuma karibu 100 Hz, jirani na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa sita. Spika zikiirudishia noti hiyo, jukwaa zima litaunguruma. Dawa, kwa mpangilio huu: sogea usiwe mbele ya spika, ziba tundu kwa kifuniko cha mpira, geuza kitufe cha fezi (kinachopindua mawimbi ya sauti ya gitaa), kisha punguza kidogo sauti za karibu na 100 Hz kwenye vitufe vya toni. Kushusha sauti ya gitaa lote ni dawa ya mwisho.

Panga nyimbo kwa namna nyuzi zilivyotyuniwa, ili usitumie jioni nzima ukigeuza vigingi. Nyimbo nane zinatosha. Kati ya wimbo na wimbo, sema kidogo, na usiombe radhi kwamba bendi haipo.

Beba nyuzi za akiba. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, hakuna wa kuendeleza nyuma yako wakati unabadilisha, kwa hiyo lifanyie mazoezi tukio hilo nyumbani: mkono wa kulia ulale juu ya nyuzi zote, gitaa linyamaze, na umalizie ubeti kwa sauti tupu hadi neno la mwisho. Ndipo ufungue begi.